Friji linalopoza kwa moto

Ndugu msomaji, mtu akikuambia kwamba anawasha moto ili apate maji ya baridi, utasema anakutania. Lakini jambo hilo ni la kweli. Kuna friji ambalo halina mashine inayounguruma. Nyuma yake kuna moto mdogo wa gesi au wa mafuta ya taa. Moto huo ndio unaofanya soda iwe baridi na maji yagande.

Mafriji haya si mageni katika nchi yetu. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975. Wakati huo vijiji vingi havikuwa na umeme, na zahanati zilitunza chanjo katika friji la mafuta ya taa. Mganga alikata utambi, akafuta masizi, akaongeza mafuta. Akisahau, chanjo ziliharibika. Siku hizi zahanati nyingi zina majokofu ya umeme wa jua au wa gridi, na hilo ni jema, kwa sababu friji la utambi lilikuwa na usumbufu mwingi.

Lakini friji la moto halijatoweka. Limo katika magari ya wasafiri, yale yenye kitanda na jiko ndani. Hapa Kigoma tunayaona. Yanakuja kwa njia ya Mpanda na Uvinza, au kwa njia ya Kasulu, yamejaa vumbi. Wageni wanakwenda Ujiji kuona mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Halafu wanataka kuona sokwe wa Gombe. Gombe hakuna barabara, unakwenda kwa mashua. Basi gari linaachwa mjini Kigoma kwa siku kadhaa, na mlinzi anaambiwa, "Tafadhali, angalia na friji."

Na gari likifa, vitu vyake vinauzwa kimoja kimoja. Tairi linakwenda huku, betri inakwenda kule. Friji nalo linapata mwenyewe.

Friji la mama mwenye duka

Katika kijiji kimoja kilicho ufukweni, kusini ya Ujiji, kuna mama mwenye duka dogo. Nyumba yake haijapata umeme. Alinunua friji la namna hiyo kwa fedha alizopata kwa kuuza dagaa. Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni soda na maji ya kuuza. Ya pili ni baba yake mzazi. Mzee ana ugonjwa wa kisukari, na kila siku anadungwa sindano ya insulini. Chupa za insulini ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa zikae katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8.

Friji lilisafiri kwa mashua, limelazwa juu ya magunia. Likashushwa, likawekwa chumbani, likawashwa jioni ile ile. Siku tatu za mwanzo lilipoza kidogo. Siku ya nne soda zilikuwa na joto la mtungini. Tena watoto waliokuwa wanalala katika chumba kile waliamka na vichwa vizito, na mmoja alitapika.

Mama akafikiri ni homa. Akawapeleka zahanati wakapimwa malaria. Hawakuwa nayo.

Kwanza kijana wa jirani alijaribu kusaidia. Aliona maandishi ya volti 12 nyuma ya friji, akalifunga kwenye betri ya sola inayowasha taa za duka. Usiku duka lote likawa giza.

Ndipo mama akamtuma mtu Ujiji kumwita fundi. Fundi huyu ni mzee. Zamani alikuwa anatengeneza karabai za wavuvi wa dagaa. Karabai zilipopungua akahamia kwenye majiko ya gesi na mafriji. Mwandishi wenu alikuwa katika mashua hiyo hiyo, akashuka naye.

Kwa nini moto unaleta baridi

Njiani nilimwomba fundi anieleze. Akaniuliza, "Mvuvi akitoka majini, na upepo ukavuma, anasikiaje?"

Nikajibu, "Anatetemeka."

"Hata kama jua linawaka?"

"Hata kama jua linawaka."

"Basi friji ni hivyo hivyo," akasema.

Maji yanapokauka mwilini yanaondoka na joto la mwili. Mtungi wa udongo unapoza maji kwa njia hiyo hiyo: maji yanapenya udongo, yanakauka nje, na yanachukua joto. Katika friji la moto kinachokauka si maji bali ni amonia. Amonia inakauka upesi sana kuliko maji, kwa hiyo baridi yake ni kali.

Mabomba ya nyuma ya friji yamefungwa kabisa. Ndani mna amonia, maji, na hewa nyepesi inayoitwa haidrojeni. Maji yanapenda kuinywa amonia. Moto unachemsha mchanganyiko huo. Amonia inatoka kama mvuke, inapanda juu, inapoa kwenye mabomba ya juu na kuwa majimaji tena. Kisha inateremka mpaka kwenye kichumba cha barafu. Pale inakutana na haidrojeni, inakauka, na inachukua joto la vyakula. Halafu maji yanainywa tena, na safari inaanza upya.

Wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, ndio walioibuni njia hii mwaka 1922. Kampuni ya Electrolux ilianza kutengeneza mafriji hayo mwaka 1925.

Sasa, msomaji, angalia jambo moja. Ndani ya mabomba haya hakuna pampu. Mvuke unapanda wenyewe kwa sababu ya moto. Majimaji yanashuka yenyewe kwa sababu ya mteremko, kama maji ya mfereji shambani. Mfereji ukiinama upande usiofaa, maji yanasimama. Friji likiinama, amonia inasimama. Karibu nusu ya magonjwa ya friji hili, kwa maneno ya fundi wetu, ni kuinama tu.

Fundi alivyofanya kazi

Tulifika saa nne asubuhi. Fundi alimwamkia mzee, akauliza habari za nyumbani, kisha akaingia chumbani. Hakugusa spana. Alinusa kwanza.

Alikuwa anatafuta harufu mbili. Ya kwanza ni ya gesi ya kupikia. Ya pili ni ya amonia, ile inayochoma pua kama choo kilichofungwa muda mrefu. Harufu ya amonia, au doa la manjano kwenye mabomba ya nyuma, maana yake ni kwamba bomba limetoboka. Friji la namna hiyo limekwisha. Unga ule wa manjano ni sumu, usiuguse kwa mikono. Wala asije fundi wa kulehemu akakuambia ataziba. Ndani mna haidrojeni inayowaka, na imeshindiliwa kwa nguvu kuliko upepo wa tairi la lori. Anaweza kufa yeye na wanaotazama.

Friji la mama halikuwa na harufu wala doa. Fundi akafurahi.

Halafu alitazama lilipokaa. Sakafu ya chumba ilikuwa na mteremko kuelekea ziwani. Aliweka pima maji ndani ya kichumba cha barafu, kwanza kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kutoka mbele kwenda nyuma. Povu la pima maji lilikimbilia upande mmoja. Kama huna pima maji, chukua chupa iliyonyooka, ijaze maji, uache povu dogo, uilaze mahali hapo. Povu likikaa katikati, umefaulu.

"Mama," fundi akauliza, "watoto wanalala chumba hiki?"

"Ndiyo, fundi. Wanne."

Fundi akazima friji pale pale.

Friji likiwa garini, moshi wake unatoka nje kwa dohani, na upande wa gari una matundu mawili ya hewa, moja chini na moja juu. Friji hili liling'olewa, na dohani ya nje ikabaki garini. Likasukumwa mpaka ukutani. Kwa hiyo moshi wote ulibaki chumbani. Moto wa gesi usiopata hewa ya kutosha unatoa hewa ya sumu ya kaboni. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mtu aliyelala haamshwi nayo. Anaanza kwa kuumwa kichwa na kichefuchefu, kisha analegea, na anaweza kufa usingizini. Jiko la mkaa lililoingizwa ndani usiku wa baridi linaua kwa njia hiyo hiyo.

Mama alikaa kitako kwenye kitanda. Alikaa muda bila kusema neno.

Friji likatolewa. Likawekwa barazani upande wa kivuli, chini ya paa, mbali na kitanda cha mtu yeyote. Nyuma yake fundi aliacha nafasi ili hewa ya baridi iingie chini na hewa ya moto itoke juu. Hili nalo lina maana kubwa. Friji hili halitoi joto kama mabomba yake hayapati upepo. Wakati wa joto kali linaweza kushusha baridi kiasi cha nyuzi 20 na kidogo tu chini ya joto la nje. Ukiliweka juani, umelipa kazi lisiyoiweza.

Moto wa bluu na moto wa manjano

Baadaye fundi alifungua sehemu ya moto. Kila mpishi wa gesi anajua kwamba moto mzuri ni wa bluu na umetulia. Moto wa friji hili ulikuwa mdogo, wa manjano, unaruka ruka. Ndani ya dohani mlikuwa na masizi, na katika kichomeo mlikuwa na vumbi jekundu la njia ya Uvinza. Kulikuwa na utando wa buibui pia. Buibui wanapenda sana kujenga humo, na nyigu wa udongo wanaziba matundu ya hewa.

Kijana wa jirani, yule wa betri, alikuwa anatazama. Akakimbia nyumbani akaleta sindano ya kuzibulia karabai. Fundi akaikataa.

"Karabai ilitengenezwa na sindano yake," akasema. "Jeti hii haikutengenezewa sindano. Ukiichokoa, tundu linapanuka. Moto utakuwa mkubwa, utajaa masizi, na gesi utaimaliza."

Alifungua jeti, akailoweka katika spiriti, akaipuliza kwa mdomo mpaka akaona mwanga upande wa pili. Dohani aliipiga brashi ndefu ya waya. Ndani ya dohani mna kipande cha chuma kilichosokotwa, kinaning'inia kwa waya. Kazi yake ni kuzuia joto lisikimbie upesi. Alikitoa, akakifuta, akakirudisha mahali pake. Watu wengi wanakiona kama uchafu wanakitupa, halafu wanashangaa moto unawaka lakini friji halipozi.

Kisha alipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha gesi, kuanzia mtungini. Kiungo kimoja kilitoa mapovu. Njia zenye makorongo zinalegeza viungo, na mashua yenye injini inatikisa vile vile. Akakikaza, akapaka povu tena, safari hii pakatulia. Usitafute uvujaji kwa kiberiti. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kukaa kwenye mashimo. Ndani ya mashua inajaa chini ya mbao za sakafu, nawe huioni.

Alitazama pia kichwa cha mtungi kinachopunguza nguvu ya gesi, ambacho mafundi wanakiita regyuleta. Kilikuwa cha jiko kubwa la mama lishe, kile cha nguvu nyingi. Hakifai kwa friji. Fundi alikuwa na cha nguvu ndogo mfukoni, akakibadili.

Ukiwasha friji la gari, unabonyeza kitufe na kukishikilia kwa muda, hata sekunde 15 au 20, baada ya moto kuwaka. Kuna ncha ya waya wa usalama inayotakiwa ipate moto kwanza. Moto ukizimika, ncha ile inapoa na kufunga gesi yenyewe. Kama moto unakufa kila ukiachia kitufe, safisha ncha hiyo na uangalie kama imekaa ndani ya ndimi za moto. Usiifunge kwa waya ili gesi ipite daima. Wapo wanaofanya hivyo.

Kupinduliwa kichwa chini

Mpaka hapo moto ulikuwa mzuri. Lakini fundi hakuwasha. Alisema friji lililowashwa likiwa limeinama, tena baada ya kulazwa safarini, huenda majimaji yake yamekaa mahali pasipostahili. Akaliondoa mtungi, akaomba vijana wawili, wakalipindua kichwa chini miguu juu.

Wanawake waliokuja kununua sabuni walicheka. Friji lilikaa hivyo saa nyingi, likapinduliwa tena, likasimamishwa vizuri. Tulisikia majimaji yakigugumia ndani. Fundi akasema lisiwashwe mpaka kesho yake. Dawa hii haiponyi kila friji. Kama mabomba yameziba kabisa kwa ndani, hakuna kitu fundi wa Ujiji au wa Dar es Salaam anachoweza kufanya, isipokuwa kutafuta mabomba mengine mazima.

Kuhusu ile betri ya sola, fundi alimwita kijana wakapiga hesabu pamoja. Friji la namna hii likifungwa kwenye volti 12 linavuta kiasi cha ampea 10. Betri ya N70 ina uwezo wa kutoa ampea 10 kwa saa 7, halafu imekauka. Na betri ikikaushwa hivyo mara chache tu, inakufa. Njia ya volti 12 iliwekwa kwa ajili ya gari linalokwenda, wakati injini inachaji. Gari likisimama, unahamia gesi. Mlinzi anayeachiwa gari la mgeni na alijue hilo, ama sivyo mgeni atarudi kutoka Gombe na kukuta gari haliwaki.

Gesi nayo ina hesabu yake. Friji dogo la gari linakula kama gramu 300 hadi 400 kwa siku. Mtungi wa kilo 6 utakaa siku 15 hadi 20. Ukiisha kwa wiki moja, rudi kwenye povu la sabuni.

Na insulini?

Hili ndilo lililomsumbua mama kuliko soda. Chupa mbili zilikuwa zimekaa katika friji lisilopoza, siku ambazo hakuna aliyezihesabu. Ukitazama, zilikuwa safi kama maji. Fundi akasema yeye ni fundi wa friji tu. Mama akazipeleka zahanati, akaeleza ukweli wote. Mganga akampa nyingine, akamwambia asitumie zile. Insulini iliyoharibika kwa joto unaweza usiijue kwa macho. Na ile iliyoganda kuwa barafu, hata ikiyeyuka, haifai tena. Kwa hiyo katika friji isikae karibu na kichumba cha barafu. Ikae rafu ya katikati.

Mganga alimwonyesha pia mtego wa mtungi, wa kutumia friji likizimika. Chukua mitungi miwili ya udongo, mkubwa na mdogo. Weka mchanga kati yake, ulowanishe. Dawa itie katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, uiweke katika mtungi wa ndani. Funika kwa kitambaa kibichi. Uweke kivulini penye upepo, na uongeze maji asubuhi na jioni. Hauleti baridi ya friji, hasa masika hewa inapokuwa na unyevu. Lakini unaokoa dawa isipikwe na joto la mchana.

Asubuhi ya pili fundi aliwasha friji. Saa sita mchana kila mtu alikuwa anafungua mlango kupima kwa mkono. Fundi alikasirika. Friji hili halina haraka, linataka usiku na mchana mzima kabla ya kulihukumu. Kila ukifungua unalirudisha nyuma. Akakata kipande cha gazeti, akakibana kwenye mpira wa mlango, akakivuta kila upande. Upande mmoja karatasi ilitoka bila kuzuiwa. Mpira ulikuwa umejikunja. Aliulainisha kwa kitambaa cha maji ya moto, ukakaa sawa.

Aliacha maagizo machache. Barafu ikifikia unene wa kidole, zima friji uiache iyeyuke, usiibandue kwa kisu. Vitu vya moto visiingizwe. Dohani isafishwe walau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi ikiwa moto unabadilika rangi. Friji likihifadhiwa bila kazi, mlango uachwe wazi kidogo ili lisinuke.

Siku ya tatu mama aliazima kipima joto cha zahanati, akakiweka rafu ya katikati usiku kucha. Asubuhi kilisoma nyuzi 6. Mzee alitaka kukiona mwenyewe, akaomba miwani yake iletwe.

Fundi alilipwa fedha na fungu la migebuka mikavu. Watoto walihamishiwa chumba hicho tena, sasa hakina kitu ila kitanda na dirisha. Mashua ya kurudi Ujiji ilichelewa, na kila aliyekuwa anangoja ufukweni alinunua soda.